Ami, nchukue Coaster ama HiAce?

Mwezi huu sijui mmekutana wapi nyinyi watu, manake nimepata barua nne na zote ni za gari za kulala, zile wengine wanaita kempavani, wengine motahomu, na jirani yangu mmoja anaita nyumba ya matairi. Nimeziweka zote hapa. Ya kwanza ndo ndefu na jibu lake ndo refu, ukiwa na haraka shuka chini utafute yako.

SWALI
Asalam aleikum Ami. Mimi niko Bamburi, nina mke na watoto watatu, mkubwa ana miaka 12 na mdogo 4. Kila shule zikifungwa tunaenda Watamu ama Voi na pesa za hoteli zimenichosha wallahi, watu watano vyumba viwili, bado chakula. Sasa nimeamua ninunue gari niifanye ya kulala. Kuna Coaster ndefu imetoka shule fulani, viti 29, injini iko poa, na mwenye nayo anataka tumalizane mwezi huu. Mke wangu anasema hiyo ni basi si gari, yeye anataka HiAce ile ndefu ya paa la juu. Mamangu naye hupenda kuja nasi mara moja moja. Mimi nimezoea Probox, kubwa kushinda hapo sijawahi kuendesha. Naogopa nikichukua ndogo tutabanana alafu nijute. Nchukue gani?
Baba Watatu, Bamburi

JIBU
Waaleikum salaam mwanangu. Kabla ya yote mwambie huyo mwenye Coaster akupe wiki mbili, akikataa mwache amuuzie mwengine, Coaster za shule hazijaisha Mombasa hii.

Sasa nikupe yangu. Gari yangu ya kwanza ya kulala ilikuwa minibasi ya viti 29 kama hiyo yako, ilikuwa inabeba wafanyikazi, na nliinunua kwa hesabu hiyohiyo unayopiga wewe, yaani nlihesabu vichwa. Mimi, bibi, watoto wanne, shemeji, na mamangu mdogo, nkasema hapa bila mita saba hatutoshi. Siku ya kwanza nafika nayo nyumbani Kisauni ikakataa kukata kona ya kuingia mtaani kwetu. Huku ukuta wa jirani, huku nguzo ya stima, na watoto wa madrasa wamejaa wanacheka. Nkairudisha nyuma mpaka barabarani, na tangu siku hiyo ikawa inalala kwa ndugu yangu Mtwapa chini ya mwembe. Sasa gari ikilala Mtwapa na wewe uko Kisauni, kila safari inaanza na safari nyengine, upande matatu ukaifuate, uikute betri imekufa, maembe yameoza juu ya paa na kunguru washafanya yao. Miaka miwili nliitumia mara nne. Na hizo mara nne, tulienda wote wanane mara ngapi? Moja. Na shemeji akalala nje kwenye mkeka sababu ya joto.

Kwa hivo swali lako mimi naligeuza. Usiniulize mtatosha, niulize hiyo gari italala wapi ikiwa haiko safarini, manake gari ya kulala ukiipa mwaka mzima siku nyingi iko nyumbani imesimama tu. Chukua tepu ya fundi uanze na geti lako. Probox yako ina mita 4.2 na kitu, upana 1.69. HiAce anayotaka mkeo, ile ndefu pana ya paa la juu, ina mita 5.38, upana 1.88, urefu wa kwenda juu kama 2.28. Hiyo Coaster ya viti 29 inakaribia mita 7 kamili, upana 2.08, na kwenda juu inapita mita mbili na nusu. Kama mnakaa fleti na magari yanaegeshwa chini ya jengo, angalia zile boriti, nyingi hata hiyo HiAce haipiti sembuse Coaster. Angalia pia tawi la mwarobaini, waya za stima zilizolegea, kona ya mwisho kabla ya geti, na yule jirani anayeegesha tuktuk yake vibaya kila siku. Mimi kona ndo iliniua, geti langu lilikuwa pana vizuri tu.

Geti likikubali, usikimbilie kwa muuzaji, nenda ufukweni. We si uko Bamburi? Ngojea maji yakipwa, mchukue mkeo na watoto, chora kwa kidole cha mguu mstatili wa mita 7 kwa 2, huo ndo Coaster nzima kwa nje, na pembeni yake chora mwengine wa mita tatu na nusu kwa 1.7, huo wa pili ndo nafasi ya nyuma ndani ya HiAce, kuanzia mgongoni mwa dereva mpaka mlangoni. Alafu waambie waingie walale. Kweli kabisa, walale chini. Mtacheka lakini ndani ya dakika kumi mtajua vitu ambavyo mimi nlilipa pesa nyingi kuvijua. Kitanda cha futi tano kwa sita kinakula kama nusu ya hiyo nafasi ya HiAce. Ukitaka kulala kwa upana, mita 1.73 inavyosemwa ni bati kwa bati, ukishapiga plaiwudi na sponji za ndani inashuka chini ya 1.7, kwa hivo mtu wa futi tano na nusu analala amenyooka na mtu wa futi sita analala kama kamba wa kukaanga. Kusimama pia, hiyo HiAce ya paa la juu ndani ina kama mita 1.63. Mkeo huenda akasimama, wewe utainama, na swala utaswali nje kwa mkeka, ambayo si vibaya, hewa iko. Kwenye Coaster mtu wa kawaida anasimama bila shida na hilo sitaidhulumu, mvua ikinyesha siku nzima utaitamani.

Kitu cha pili ni joto, na hapa vitu tunavyoona kwenye video za wazungu vinatudanganya. Kule wanahangaika kuzuia baridi, gari inafungwa kila tundu inawekewa hita, kwetu ukilala hivo mwezi wa pili kaskazi ikiwa imetulia mtaamka mmeiva. Watu watano ndani ya bati moja ni jiko. Ukubwa wa gari hausaidii sana kama hewa haipiti, na kusema kweli hapa Coaster inashinda kwa sababu ina madirisha ya kusukuma pande zote, unaweka neti za mbu unalala. HiAce zengine za mizigo zina bati tupu ubavuni, hizo itabidi ukate madirisha na uweke feni ya kutoa hewa kwenye paa. Na usiniambie eti utaweka AC. Betri moja ya volti 12 na 100Ah ina umeme wa wati-saa 1,200, yaani wati 1,200 kwa saa moja tu, na hizi betri za kawaida za asidi ukitaka zidumu unatumia nusu tu, yaani 600. AC ndogo inakula kama wati 800 mpaka 1,000, piga hesabu, hata saa moja haifiki. Feni ndogo ya wati 30 inazunguka saa nane za usiku kwa wati-saa 240 na asubuhi bado friji inafanya kazi. Kwa hivo feni, madirisha, na uegeshe mlango uelekee upepo.

Uzito. Wengi wanaruka hapa, mimi pia nliruka. Kila gari ina uzito wake tupu na uzito wa mwisho iliyotengenezewa, hizo namba ziko kwenye kibati ama kwenye logibuku, toa moja kwa nyengine ndo unapata ruhusa yako ya kubeba. Coaster ilikuwa inabeba watu 29 na mabegi yao ya shule, toa viti weka vitanda, hutaichosha. HiAce ndo uangalie. Plaiwudi ya milimita 18, futi nane kwa nne, shiti moja inapita kilo 30, na fundi asipozuiwa anatumia shiti nane kumi, manake yeye anajua kujenga kabati za jikoni, hajui gari inaruka matuta. Maji lita 80 ni kilo 80, lita moja kilo moja haina ujanja. Betri, mtungi wa gesi, sola, godoro, hema, nyinyi wenyewe watano, mama, na lile sanduku la mkeo la vyombo, maana sijaona mwanamke wa Mombasa akisafiri bila birika yake na chupa ya chai. Mwambie fundi atumie mbao nyepesi, vitu vizito viwe chini katikati ya magurudumu, na juu ya paa pasiwe na kitu zaidi ya sola. Gari iliyojazwa juu utaijua siku unavuka daraja la Kilifi upepo wa kusi umeshika, usukani unakuwa wa kuombea dua.

Sasa maji nirudie kidogo kwa sababu hakuna anayetuandikia sisi. Hesabu za maji za huko nje ni za kunywa, kupika na kuoga kidogo. Sisi tuna udhu mara tano, tuna kujitawaza, na tuna mtoto wa miaka minne anayemwaga. Nyumbani kwangu tukienda tukiwa wanne, lita 80 zinakwisha siku ya pili mchana na hapo hakuna aliyeoga kisawasawa. Ukinisikiliza usijenge bafu ndani ya HiAce hata kidogo, linakula nafasi ya mtu mmoja kulala na utalitumia kama kabati la viatu. Choo kidogo cha kubeba cha lita 20 kinatosha, kinakaa chini ya kiti kinatoka usiku, na kuoga unaogea kwenye kambi ama unafunga pazia kwenye mlango wa nyuma na ndoo. Kwenye Coaster bafu linaingia, lakini uwe tayari kutafuta mahali pa kumwaga, na huku kwetu hakuna vituo vya kumwagia kama vya Ulaya, utakuwa unamuomba mwenye kambi akuonyeshe shimo.

Haya barabara. Unasema Watamu na Voi. Lami zote gari yoyote inakwenda, taabu ni kilomita za mwisho. Njia za kushuka baharini, Tiwi, Diani, kule Watamu pia, zengine ni mchanga tupu na gari ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma yenye uzito ikikaa hapo imekaa, HiAce mtaisukuma nyinyi na vijana wawili wa boda, Coaster mtatafuta trekta. Kwenda kusini utapita Likoni, na ushuru wa feri kwa magari unapanda kadiri gari inavyokuwa kubwa, lakini hilo dogo. Kubwa ni kwamba siku za bamvua maji yakipwa ule mteremko wa kuingia ferini unakuwa mkali, na Coaster ina kitako kirefu nyuma ya tairi, kinakwaruza chini kinapiga kelele mpaka watu wa miguu wanageuka. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu unaweza kuikwepa feri yote, na mimi gari kubwa ningepitisha huko bila kufikiri mara mbili. Ndani ya Tsavo East kuna kambi ya umma ya Ndololo, karibu na geti la Voi, inafikika na gari yoyote wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha usijaribu ushujaa. Na jambo la kuchekesha ila ni pesa: KWS, wale wenye mbuga, wanatoza gari kwa idadi ya viti, kwa hivo Coaster ambayo logibuku yake bado inasema 29 italipishwa kama basi hata kama ndani mko watano na friji. Ndo maana ukitoa viti na kugeuza matumizi, peleka gari ikakaguliwe na NTSA, wale wanaosajili magari, wakubadilishie kwenye logibuku, na bima uwaambie pia, usije ukapata ajali wakakwambia sisi tulikatia basi la shule. Leseni yako nayo iangalie inaruhusu daraja gani, ya Probox si lazima ikuruhusu kila kitu.

Kuendesha kwenyewe kunajifunzika, usiogope sana, ila kitako cha Coaster kinapokata kona kinatoka nje upande wa pili na mtu wa Probox hajawahi kulifikiria hilo maishani. Na tairi ni sita si nne. Hiyo ya tairi nakwambia tu ujue.

Sasa nchukue gani, utaniuliza tena. Mimi niko na mkeo. HiAce, wewe na yeye na wa miaka minne kwenye kitanda cha nyuma, wale wawili wakubwa hema mkiwa Watamu mahali pana uzio, na mkienda Tsavo waingie ndani mmoja kitanda cha juu cha kukunja mmoja kwenye kiti kilicholazwa mbele, maana Ndololo haina uzio na ndovu wanapita usiku, mtoto wa miaka 12 kwenye hema peke yake mimi sikuruhusu. Mtabanana, ndio, usiku mbili. Huyo mkubwa wako akifika miaka 16 hatataka kuja na nyinyi popote, hilo nimepitia. Mama mchukulie chumba kimoja hapohapo karibu, ulikuwa unalipa viwili sasa unalipa kimoja tena mara moja moja, na mama mtu mzima hapandishwi ngazi ya kitanda kwenye gari, atakuombea vibaya. Hakikisha kila mtu ana kiti chenye mshipi wakati gari inatembea, si watoto wamelala kitandani nyuma huku uko kwenye mia na malori ya Mariakani.

Ila kama geti, kona na boriti zote zimekubali mita saba, na mamako anakuja kila safari si mara moja moja, hapo nabadilisha, chukua Coaster, lakini tafuta ile fupi ya mita 6.25, iko, tena hiyo robo tatu ya mita inayopungua utaishukuru kila ukirudi nyuma. Na kabla ya kulipa chochote kodi moja ya kila aina wikendi, hata ikiwa haina vitanda, tupa magodoro sakafuni mlale usiku mbili. Muhimu iwe mbili, usiku wa kwanza kila mtu anafurahi.

SWALI
Hujambo Ami, mimi ni dada wa miaka 31, niko Tudor, sina watoto, napenda kupiga picha za ndege na mara nyingi naenda Sokoke, Shimba Hills, na nataka nianze kufika Taita. Nimeona Suzuki Every zinageuzwa vizuri sana Japani, ndogo tamu. Rafiki yangu anasema nchukue Noah. Naweza kulala ndani ya Every kweli ama najidanganya?
Dada wa Ndege, Tudor

JIBU
Sijambo mamangu. Kulala unaweza, tena wako Wajapani wengi wanalala. Zile gari za daraja lao dogo zimewekewa mipaka na sheria, haziruhusiwi kupita mita 3.4 urefu, 1.48 upana, na mita 2 kwenda juu, injini isizidi 660cc, na kwa hiyo nafasi wanafanya maajabu. Kwa mtu mmoja wa futi tano na nne, kiti cha mbele cha abiria kikilazwa, unalala umenyooka. Tudor kwenu hapo utaiegesha hata kwenye nafasi ya pikipiki.

Lakini wewe umesema Taita. Kutoka Mwatate kupanda Wundanyi ni kona juu ya kona, na 660cc iliyobeba betri, maji, kitanda na lenzi zako itapanda, ila itapanda inalia na foleni nyuma yako. Na kabla ya hapo una barabara ya Nairobi mpaka Voi, lori la kontena likikupita karibu kigari kidogo kinavutwa na upepo wake, mimi binafsi sipendi hiyo hisia kabisa. Noah ina mita 4.6 na kitu, viti vya nyuma ukitoa unapata kitanda cha tatu na nusu kwa sita na sehemu ya vyombo, mafundi wake wako kila kona, spea ziko, na kwa nje ni gari ya kawaida ya mtu anayeenda kazini, hakuna anayejua kuna mtu amelala. Kwa mwanamke anayelala peke yake hilo la mwisho kwangu lina uzito kuliko urefu wa kitanda. La pili, ukijenga usizibe njia kati ya kitanda na usukani. Ukisikia kitu usiku usichokipenda unataka kuruka mbele, uwashe, uondoke, bila kufungua mlango. Nimeona fundi mmoja aliweka kabati zuri la mninga pale katikati nkamwambia vunja.

Kupika pikia nje. Na jiko la makaa usiliingize ndani hata likiwa linakufa, hata kama ni baridi ya Taita na madirisha uko nayo wazi kidogo, ule moshi usioonekana unaua watu wamelala na hawaamki kukohoa. Chukua Noah.

SWALI
Ndugu mhariri, mimi ni mstaafu, Nyali. Mwanangu yuko Uingereza amepata motahomu ya mita 7.4, ya mwaka 2012, kitanda cha kudumu, bafu, oveni, kila kitu. Anataka kunitumia kama zawadi. Je, ukubwa huo utanifaa na mama yenu?
Mzee Mstaafu, Nyali

JIBU
Shikamoo mzee. Zawadi nzuri na mwana mwema, Mungu amzidishie, lakini mwambie asiipakie melini. Ukubwa haujafika kuwa swali bado. Kenya gari iliyotumika haiingii ikiwa imepita miaka 8, na hiyo ya 2012 ishapita zamani. Usukani wa Uingereza uko kulia, hapo ingepona, angeinunua Ujerumani ama Ufaransa hata hilo lingekwama.

Na hata angepata mpya zaidi, mzee wangu, nyingi za hizo zimejengwa juu ya Fiat Ducato, na hapa Mombasa ukimwambia fundi Ducato atakuuliza ni dawa ya nini. Alafu ziko na jambo lengine watu hawalijui, kule leseni ya kawaida inaishia kilo 3,500, kwa hivo watengenezaji wanabana gari kubwa ya mita saba ndani ya uzito huo, ukiweka maji, gesi, watu wawili na nguo ushajaza. Ukubwa wa macho, kubeba hakuna. Barabara zetu na matuta yetu yale makabati mepesi yatafunguka moja moja.

Kwa watu wawili waliostaafu mimi ningesema akutumie hizo pesa, mtafute HiAce ya paa la juu isiyo na umri mkubwa, kitanda cha kudumu nyuma kisicho cha kukunja kila asubuhi, manake mgongo wa miaka 65 hautaki kukunja kitanda, na kiwe chini cha kukalia, si cha kupanda. Choo kiwe ndani, karibu na kitanda. Kodi ya kuingiza gari, ikiwa bado mnataka ya nje, KRA, watu wa kodi, wanapigia kwa bei yao wenyewe waliyoiorodhesha na si kwa risiti ya mwanao, ajenti wa bandarini awape hesabu yote kwa maandishi kabla pesa haijatoka, si baada.

SWALI
Ami mbona tusinunue keravani ya kuvuta tu, gari ninayo Prado?
Kijana wa Mikindani

JIBU
Umewahi kurudisha trela nyuma? Jaribu kwanza na la kuazima, pale kwenu Mikindani, jioni watu wakiwa wametoka kazini, alafu niandikie.